Mawe ya Meneja

Daktari wa wanyama aliyaweka yale mawe juu ya kitambaa cheupe, akakisogeza chini ya taa ili mwenye mbwa aone vizuri. Yalikuwa madogo, ya rangi ya kahawia, yamejaa miba kama mbegu za mbigili. Mwenye mbwa alikuwa mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Tanuri, kwa kuwa tangu usichana wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Aliyatazama bila kuyagusa. Mara ya kwanza alipoonyeshwa mawe kama hayo alishangaa yametokaje ndani ya mbwa anayeenea kwenye kikapu cha sokoni. Mara hii hakushangaa. Aliona aibu, kama fundi aliyerudishiwa kazi yake.

"Ni yale yale?" aliuliza.

"Ni ndugu zao," daktari alisema. "Maabara watatuthibitishia, lakini kwa macho ni yale yale. Aina hii haiyeyuki kwa dawa wala kwa chakula. Jiwe likishaumbika ni kulitoa tu. Na mimi sitaki kumpasua huyu mara ya tatu."

Mbwa mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma, amelala na nusukaputi yake, tumbo limenyolewa. Jina lake lilikuwa Meneja. Alipewa na baba yake Tanuri, kwa sababu tangu akiwa kitoto cha mbwa alikuwa akizunguka vyumba vyote asubuhi, ananusa hiki na kile, kisha anarudi kulala bila kufanya kazi yoyote.

Daktari alikuwa mfupi, mpole, mwenye subira ya kurudia maneno. Alivuta kiti akakaa.

"Dada, habari ya kutibu tumeimaliza. Sasa tuongee habari ya kuzuia. Mkojo ukiwa mzito, chumvi zake zinashikana. Zinakuwa chembe, na chembe zinakua kuwa jiwe. Kwa hiyo tunataka mkojo uwe mwepesi, na usikae kibofuni. Anywe sana, akojoe mara nyingi. Chakula nitakuandikia, cha majimaji, na bado utakiongezea maji mpaka kiwe kama uji. Makombo ya mezani basi. Mchicha basi, karanga basi, jibini basi, na vyote vyenye chumvi. Na usimpe dawa yoyote ya nguvu au ya vitamini bila kuniuliza."

"Nikifanya hayo yote, hayatarudi?"

"Huenda yasirudi. Huenda yakarudi. Mbwa wengine wadogo, hasa madume, wameumbwa hivyo. Lakini ukiniletea kila baada ya miezi michache nikampiga picha na kupima mkojo, nitayakuta yakiwa bado mchanga. Mchanga naweza kupambana nao bila kisu."

Tanuri alimbeba Meneja mpaka nyumbani akiwa amemfunika kwa kanga, akapanda naye ngazi hadi ghorofa ya tatu. Jengo lile halikuwa na lifti. Ndiyo maana baba yake, fundi bomba aliyestaafu yeye pamoja na magoti yake, alikuwa hashuki tena ila kwa jambo kubwa. Alikaa juu na redio na mbwa. Tanuri aliondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi jua likiwa limeinama, na muda wote huo Meneja alikuwa akibana mkojo kwa adabu, maana alilelewa asichafue nyumba. Mara ya kwanza alipopasuliwa, hakuna aliyelifikiria hilo. Sasa Tanuri alilifikiria usiku kucha, na kulipokucha alikwenda kumwomba msimamizi wake ruhusa.

Kuanzia hapo, kila unga ulipokuwa ukiumuka alivua aproni, akavuka mitaa miwili mbio, akapanda ngazi, akamshusha Meneja, akamsubiri amalize, akampandisha, akarudi kuuwahi unga. Wenzake walimcheka. "Wengine hutoroka kazini kwenda kunyonyesha," mmoja alisema, "wewe unatoroka kwenda kukojoza." Tanuri alicheka nao, huku akifuta jasho.

Nyumbani aliweka bakuli la maji kila chumba. Baba yake alipolipiga teke la tatu kwa bahati mbaya, alisema, "Mtu akiingia humu atadhani paa linavuja." Lakini ni yeye aliyeyajaza yalipopungua, na alipoambiwa jibini basi, alikubali bila ubishi. Siku za kupeleka mkojo kwa daktari, Tanuri alimfuata mbwa barabarani na upawa mkononi, anauingiza chini ya tumbo kwa wakati wake, na wapita njia wakisimama kutazama. Hakuwajali. Aliona kazi inakwenda. Meneja alinenepa kidogo, manyoya yakarudi tumboni, na mkojo ukawa mwepesi, mweupe kama maji ya kunywa.

Ndiyo maana picha ya safari iliyofuata kwa daktari ilimpiga mahali pabaya. Daktari aliibandika kwenye kioo chenye taa na kuelekeza kalamu. Ndani ya kibofu, chini kabisa, palikuwa na weupe kidogo, kama chumvi iliyomwagika.

"Zimeanza tena," daktari alisema.

"Haiwezekani."

"Ndizo hizi, dada."

"Nafanya kila ulichosema. Kila kitu. Naacha unga unamwagika kwenye ndoo kwa ajili yake."

"Naamini. Mkojo wake unanionyesha kwamba anakunywa vizuri. Lakini una kalsiamu nyingi kuliko ninavyotarajia kwa chakula kile." Daktari aliishusha kalamu. "Nikuulize bila ubaya. Hakuna kitu kingine kinachoingia mdomoni mwake?"

Tanuri alijibu hakuna, kwa sauti kavu, akachukua mbwa wake akaondoka. Njiani alimnung'unikia yule daktari kimoyomoyo. Alijiona ametuhumiwa uongo baada ya jasho lote lile. Hata alipofika nyumbani hakumwambia baba yake zaidi ya kwamba picha si nzuri sana. Mzee aliuliza, "Si nzuri vipi?" Tanuri akasema wataangalia tena mwezi ujao, akaingia jikoni.

Siku mbili tatu baadaye mtambo wa kukandia uliharibika na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Tanuri alipanda ngazi taratibu, mara moja hiyo hakuwa na haraka. Mlango ulikuwa wazi kidogo ili upepo upite. Aliona meza ya jikoni kutokea ukumbini.

Baba yake alikuwa amekaa upande mmoja, Meneja amekaa kwenye kiti cha upande wa pili, mguu mmoja wa mbele juu ya meza. Katikati yao palikuwa na kisu kidogo na kibao. Mzee aliweka kidonge kikubwa cheupe juu ya kibao, akakishika kwa vidole viwili vilivyopinda, akakigawanya kwa kisu. Nusu aliitia mdomoni mwake na kunywa maji. Nusu alimnyooshea mbwa kwenye kiganja. Meneja aliitafuna kwa utulivu wa mtu aliyeizoea.

"Baba," Tanuri alisema. "Hicho ni nini?"

Mzee hakuficha chochote. "Dawa yangu ya mifupa."

"Na hiyo nusu?"

"Yake."

Tanuri aliingia, akaweka mkoba chini. "Tangu lini?"

"Tangu alipopasuliwa ile mara ya kwanza. Hukumwona mchana, wewe ulikuwa kazini. Alikuwa hawezi kupanda hata kochi. Miguu inatetemeka. Nikasema, huyu na mimi tuna ugonjwa mmoja. Kinachonifaa mimi kitamfaa na yeye. Na kweli akapona." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa ushahidi kwamba yeye si mkaidi, "Zamani nilikuwa namfunikia kwa jibini. Uliposema jibini basi, niliacha jibini. Sasa anaila hivyo hivyo."

Tanuri alikuwa na maneno makali tayari kinywani. Alikuwa amekimbia ngazi zile mpaka magoti yake yakaanza kufanana na ya baba yake. Lakini alimwona mzee akimtazama kwa wasiwasi, mkono bado umefunguka mbele ya pua ya mbwa. Akavuta kigoda.

"Baba, dawa hiyo ni kalsiamu. Ni kama chokaa. Ndiyo inayomjengea yale mawe."

"Chokaa," mzee alisema.

Alikuwa amefanya kazi na chokaa maisha yake yote. Aliikwangua kwenye mabomba ya watu, kwenye matangi, kwenye birika za mahoteli. Alijua inavyonata, inavyongoja, na inavyoziba. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Aliufunga mkono wake, akaushusha mapajani.

"Nimemzibia bomba mwenyewe," alisema.

"Hukujua. Daktari alinitajia habari ya dawa, na mimi sikukufikishia. Nilisema moyoni, nani humu ndani atampa mbwa vidonge?"

"Nampa mimi."

Meneja alishuka kwenye kiti, akanywa maji kwenye bakuli lililo chini ya sinki, akaenda zake kukagua vyumba. Walisikia kucha zake zikigonga sakafu. Ndipo jambo la pili lilipomjia Tanuri, na lilimtisha kuliko la kwanza.

"Na wewe muda wote huu umekuwa ukimeza nusu?"

"Nusu ilinitosha."

"Nani alikwambia inakutosha?"

Mzee alikaa akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza. "Wewe unatoka, unarudi, una watu wako na kazi yako," alisema mwishowe. "Huyu siku nzima ananitazama mimi. Anayekutazama hivyo huwezi kumnyima. Na mimi humu ndani sina kingine cha kumpa, mama."

Kwa siku kadhaa baada ya hapo mzee alifunga mlango wa chumba chake. Meneja alikaa nje akiukwaruza, akalia kwa sauti ndogo, kisha akalala papo hapo kizingitini. Tanuri alipomwambia baba yake amfungulie, alijibu kwamba mkono wake hauaminiki. Vidonge alivimeza vizima mbele ya binti yake, asubuhi, kabla hajaondoka. Alivimeza kama adhabu.

Kisha jioni moja alitoka na penseli sikioni.

"Kule kazini kwenu wanatupa yale matrei makubwa ya kuokea, yakishapinda?"

"Wanatupa."

"Niletee moja. Na kipande cha bomba la plastiki, unene wa kidole gumba. Kokoto ndoo moja, na majani yenye udongo wake, yale ya kando ya uwanja. Omba, usiibe."

Alifanyia kazi barazani, kwenye kile kibaraza chembamba cha ghorofa ya tatu. Alitoboa trei kwenye pembe, akafunga bomba, akaliinamisha kuelekea tundu la maji ya mvua. Akatandaza kokoto, juu yake udongo, juu yake majani. Vidole vilimsumbua na kazi ya saa chache ikamchukua siku nne, lakini alipomwaga ndoo ya maji kuijaribu, maji yalishuka bila kutuama. Siku hiyo alimfungulia Meneja mlango wa chumba chake.

Mbwa hakuelewa. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba ndani ni ndani. Alipanda juu ya majani, akamtazama mzee, akashuka. Ikabidi mzee akae naye pale barazani asubuhi baada ya asubuhi, akimbembeleza kwa maneno ambayo Tanuri hakuwahi kusikia akiambiwa yeye utotoni. Tanuri aliporudi kutoka kazini siku moja alimkuta baba yake amesimama wima bila fimbo.

"Amekojoa," mzee alisema. "Mara tatu. Na ile ya mwisho ndefu."

Furaha hiyo ilikatizwa na hodi. Mlangoni alisimama jirani wa ghorofa ya chini yao, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyezoea darasa kunyamaza akiingia. Mkononi alishika foronya iliyolowa.

"Nauliza tu," alisema. "Hii mvua ya kwangu peke yangu, inatoka wapi?"

Mzee aliomba radhi, akaeleza, akamwonyesha trei. Mwalimu aliinama akalikagua, akauliza maswali mengi, na mwishowe akasema kiungo cha bomba kimelegea. Kilikuwa kimelegea kweli. Mzee alikikaza usiku haujaingia.

Siku ya kurudi kwa daktari, mzee alisema atakwenda. Alishuka ngazi akipumzika kila kituo, Tanuri mbele yake amembeba mbwa. Hakutaka binti yake amsemee. Alikaa kwenye kile chumba chenye harufu ya spiriti akamweleza daktari mambo yote, ya kidonge na kisu, bila kujitetea.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa kuniambia, mzee. Nilikuwa natafuta sababu, nikaogopa ni ugonjwa mwingine."

"Sasa utampasua?"

"Hapana. Bado ni mchanga. Nitamlaza usingizi, nimjaze kibofu maji safi kwa mrija mwembamba, kisha nimsimamishe wima, chembe zishuke mdomoni mwa kibofu. Halafu nitakikamua, maji yatoke kwa nguvu nazo zitoke nayo. Zikishakuwa kubwa haiwezekani. Leo inawezekana."

Ilifanyika. Wakaitwa kutazama chombo cha chuma, na chini ya maji palikuwa na vichembe ambavyo mtu angevipangusa mezani bila kufikiri. Mzee alivitazama muda mrefu. Kisha akamuuliza daktari kama sasa mawe yameisha.

"Hayaishi, mzee. Tunayatangulia tu."

Waliyatangulia. Picha iliyofuata ilikuwa safi, na iliyofuata hiyo pia. Tanuri aliendelea kukimbia wakati wa unga kuumuka, maana mbwa anataka kutembea, lakini sasa kama siku moja kazi ilimbana hakuhangaika. Mzee alichanganya chakula na maji, akabadilisha majani yalipokauka, akamkumbusha binti yake tarehe ya daktari kabla yeye hajakumbuka.

Msimu wa baridi ulipoingia, mzee aliteleza bafuni. Hakuanguka kwa kishindo. Tanuri alisema baadaye ilikuwa kama kukaa. Lakini nyonga ilivunjika. Hospitalini walisema mifupa imekuwa myepesi sana. Tanuri alimngoja daktari wa zamu kwenye korido, akamuuliza swali lililokuwa likimla: kama mtu alikuwa akimeza nusu ya dawa yake kwa muda mrefu, je, hiyo ndiyo sababu?

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa amechoka. Hakumdanganya. "Kwa umri wake, mama, hata dozi nzima isingekuwa kinga kamili. Siwezi kukwambia ndiyo. Siwezi kukwambia hapana."

Tanuri hakumfikishia baba yake jibu hilo. Mzee naye hakuuliza habari za mifupa. Kila binti yake alipofika kumwona, alimuuliza neno moja tu: "Anakunywa?"

"Anakunywa, baba," Tanuri alijibu. Mwanzoni lilikuwa jibu la kweli. Siku za mwisho halikuwa. Meneja alikuwa amelala kwenye kizingiti cha chumba kitupu, na bakuli zote zilikuwa zimejaa kama zilivyoachwa. Kifua cha mzee kiliingia maji, na asubuhi moja Tanuri akapigiwa simu akiwa kiwandani, mikono imejaa unga.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, nyumba ilibaki na viti vingi vya kuazima na mbwa asiyekunywa. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai. Tanuri aliuona juu ya majani akajua maana yake. Hakuwa na nguvu ya kulia na kufanya jambo lingine kwa pamoja, akachagua jambo lingine. Aliketi barazani, akachota maji kwa kiganja, akamnyooshea. Meneja aligeuza uso. Akajaribu tena. Alichanganya chakula na maji ya uvuguvugu mpaka kikawa supu, akampa kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akimsemesha kama alivyosikia baba yake akimsemesha. Siku ya kwanza alilamba mara tatu nne. Siku ya pili alimaliza kijiko. Jumapili alinyanyuka mwenyewe, akaenda kwenye bakuli la chini ya sinki, akanywa mpaka akapumua kwa nguvu.

Alimpeleka kwa daktari mapema kuliko tarehe. Picha ilibandikwa kwenye kioo chenye taa. Daktari aliikagua, akaigeuza, akaikagua tena.

"Safi," alisema. "Nilikuwa na hofu, lakini ni safi."

Tanuri alishukuru, akamtia Meneja kapuni, akaingia mtaani. Alitembea haraka, kama alivyozoea kutembea akiwa na habari ya kupeleka nyumbani. Alipofika ghorofa ya pili ndipo alipogundua kwamba huko juu hakuna mtu anayeisubiri. Akasimama pale kwenye ngazi, akashindwa kupanda.

Mlango wa mwalimu ulifunguka. Labda alisikia hatua zikikatika. Alimtazama Tanuri, akakitazama kikapu.

"Ametoka kwa daktari?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Wamempiga picha. Hana jiwe hata moja."

"Haya, hilo ni jambo," mwalimu alisema. Akasogea kando kuwapisha. "Ingieni basi. Na kesho ukienda kazini, niachie ufunguo. Mimi mchana kutwa niko hapa, na ngazi moja bado naiweza."

Tanuri aliingia, akaketi kwenye kochi la mwalimu kwa mara ya kwanza, na kikapu magotini. Mwalimu alikwenda jikoni. Alisikika akifungua kabati, akitafuta bakuli.